Chati ya Lishe Yenye Nembo ya Soda: Tuipokee Shuleni?

Assalaam aleikum, ndugu zangu wa safu ya lishe.

Mimi ni mwekahazina wa kamati ya wazazi katika shule moja ya msingi hapa Lamu mjini. Mwezi uliopita tulijiwa na wakala wa kampuni ya vinywaji, ameandamana na mtu wa ofisi ya mheshimiwa wetu mmoja. Wametuahidi mambo manne: kupaka rangi ukuta wa mbele, ambao umekwisha kwa chumvi ya bahari, friji ya duka la shule, madaftari 600 yenye chati ya lishe nyuma ya jalada, na soda ya bure, chupa ya nusu lita kwa kila mtoto, siku ya michezo. Watoto ni 300. Kwa kufungua mlango walileta mtaalamu wa lishe, akazungumza na akina mama siku nzima.

Ile chati nimeisoma hadi nimeihifadhi. Juu imeandikwa "Hakuna chakula kibaya, kibaya ni kukaa bila mazoezi." Kwenye vyakula vya kutia nguvu wamechora ugali, muhogo, mahamri na chupa ya soda, vyote ukubwa mmoja. Mtaalamu alituambia tupunguze mafuta, tunywe maji "au kinywaji chochote" kwa wingi, na tununue mafuta ya kupikia yaliyoandikwa hayana kolesteroli. Mama mkwe wangu ana sukari na presha. Alirudi nyumbani amefurahi, maana neno sukari halikutajwa hata mara moja. Mdogo wangu mwenye mtoto wa miezi minne akapewa pakiti ya uji wa mtoto akajaribu.

Tukienda kliniki tunaambiwa hivi, redioni twasikia vile. Na Ramadhani iliyopita mheshimiwa huyo huyo aligawa kila nyumba kilo mbili za sukari, mafuta na unga wa ngano, akaombewa dua na mtaa mzima.

Mwenyekiti ataka tutie saini. Nikifungua mdomo naambiwa napinga maendeleo. Mkutano ni baada ya wiki mbili. Je, tuliyofundishwa ni kweli au ni uongo? Ushauri wa kuaminika nitaujuaje? Na nikatae vipi bila kuvunja uhusiano na watu ambao kesho nitawahitaji?

Mama Watatu, Langoni, Lamu

*

Wa aleikum salaam, dada yetu.

Karibu kila jambo ulilotunukulia ni kweli, na ugumu uko hapo hapo. Mazoezi yana faida. Mafuta ya mimea hayana kolesteroli. Soda inatia nguvu, ukichukua neno nguvu kwa maana ya nishati tu. Ushauri unaolipiwa na mwenye bidhaa hausemi uongo wa kukamatika; kazi yake huifanya kwa yale ambayo ushauri huo unayanyamazia. Mtu kuzungumza lishe kutwa nzima mbele ya akina mama ambao nyumbani kwao kuna wagonjwa wa sukari, na sukari yenyewe isitajwe, hilo ndilo la kulishika.

Anza na chupa yenyewe. Nunua moja ya aina waliyowaahidi, uigeuze upande wa maandishi madogo, utafute mstari wa sukari. Mara nyingi utakuta hesabu mbili: moja ya mililita 100, nyingine ya "kipimo kimoja". Hiyo ya pili iache. Kipimo hicho amekichagua mwenye kiwanda, na huwa ni mililita 200 au 250, nusu ya chupa au chini yake, ilhali mtoto ataimaliza yote. Shika ile ya mililita 100. Ikiwa imeandikwa gramu 10.6, zidisha mara 5 upate gramu 53. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua takriban gramu 4, kwa hiyo gawa kwa 4: vijiko 13 na kidogo.

Sasa linganisha. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2015, lilisema sukari tunayoongeza kwenye chakula, pamoja na ile ya asali na ya juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Mtoto wa miaka minane anayehitaji kama kilokalori 1,600 kwa siku, mpaka wake ni gramu 40, na kiwango bora ni gramu 20. Chupa moja imevuka mpaka kabla hajagusa hamri wala chai. Na kama atataka kuziondoa kilokalori 212 za chupa hiyo kwa mazoezi, mtoto wa kilo 30 atakimbia karibu saa nzima. Yale mashindano ya mita mia ya siku ya michezo hayafiki popote.

Hesabu hiyo hiyo ipeleke kwenye sukari ya Ramadhani. Kilo mbili, nyumba ya watu sita, ikatumika kwa wiki moja: gramu 2,000 gawa kwa 6, gawa tena kwa 7, kila mtu karibu gramu 48 kwa siku. Mpaka wa mtu mzima wa kilokalori 2,000 ni gramu 50, na bora ni 25. Hapo hatujahesabu sharubati wala kaimati za jirani. Hatusemi aliyegawa alikusudia mabaya. Sukari ni zawadi nyepesi kuchagua: inagawika kwa mizani, haiozi, kila nyumba inaipokea kwa furaha, na ikiisha mtu hukumbukwa. Kilo mbili za kunde na kilo moja ya dagaa zingeomba dua hiyo hiyo, ila hakuna anayeshika foleni mlangoni kwa mheshimiwa akimwomba achague kunde.

Kuhusu chati, chukua kalamu upige mstari chini ya kila "kula", "kunywa" na "punguza". Halafu angalia kinachofuata. Marion Nestle, mtaalamu wa lishe wa Chuo Kikuu cha New York (hana uhusiano na kampuni yenye jina hilo), aliuonyesha mtindo huu zamani: wanapotaka ule zaidi hutaja chakula kwa jina na kukichora, wanapotaka ule kidogo hutaja kirutubisho kisicho na sura. "Kunywa" ina picha ya chupa. "Punguza mafuta" haina picha ya chochote, kwa hiyo hakuna muuzaji anayeumia. Hili si jambo la Lamu peke yake. Mwaka 1977 kamati ya Seneti ya Marekani iliyoongozwa na George McGovern iliandika waziwazi kwamba watu wapunguze ulaji wa nyama. Wafugaji wakaja juu, na kabla mwaka haujaisha toleo la pili likatoka likisema watu wachague nyama, kuku na samaki watakaowapunguzia mafuta yanayoganda (kwenye lebo, saturated fat). "Punguza" ikawa "chagua". Neno moja, na mnunuzi akabaki dukani.

Lile kundi la "vyakula vya kutia nguvu" nalo lina mlango ulio wazi. Kila aliyesoma shule zetu amefundishwa makundi matatu, vya kujenga mwili, vya kutia nguvu na vya kulinda mwili, na ni mafundisho mazuri kwa mtoto. Lakini soda inaingia humo kwa tafsiri ya herufi tu. Muhogo wa kuchemsha unatia nguvu ukiwa na nyuzinyuzi, unakaa tumboni, na una vitamini C ndani yake. Soda ni maji, sukari, rangi na ladha. Kuvichora ukubwa mmoja ni kumwambia mtoto kwamba kimoja chaweza kushika nafasi ya kingine.

Umeuliza pia, bila kuliandika, kwa nini kampuni ya soda ihangaike na mazoezi ya watoto wa Langoni. Mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kwamba Coca-Cola ilikuwa imetoa dola milioni 1.5 kuanzisha kundi la wanasayansi lililoitwa Global Energy Balance Network. Ujumbe wa kundi hilo ulikuwa kwamba unene unatokana zaidi na watu kukosa mazoezi kuliko na wanachokula na kunywa. Kufikia mwisho wa mwaka huo kundi lilivunjwa. Isome tena sentensi ya juu ya chati yako.

Na kabla ya hapo palikuwa na lililo kubwa zaidi. Mwaka 1965 Sugar Research Foundation, wakfu wa wenye viwanda vya sukari wa Marekani, uliwalipa watafiti wa Harvard dola 6,500 waandike mapitio ya tafiti za maradhi ya moyo. Yalichapishwa 1967 katika New England Journal of Medicine. Uzito wa lawama uliwekwa kwenye mafuta na kolesteroli, na ushahidi dhidi ya sukari ukapunguzwa nguvu. Msomaji hakuambiwa nani amelipa. Wakati huo jarida halikuwa na sharti hilo. Barua za wakfu na watafiti hao zilikuja kuchapishwa 2016, miaka karibu hamsini baadaye. Usielewe kwamba mafuta hayana neno, kwa maana mafuta yanayoganda bado ni hatari kwa moyo. Lakini nusu ya jambo ikisemwa kwa miaka hamsini, watu huishi kama kwamba nusu nyingine haipo. Mwaka 2003, Shirika la Afya Duniani lilipotaka kuandika ule mpaka wa asilimia 10, chama cha wenye sukari cha Marekani kiliandika barua ya kutishia kuwashawishi wabunge wao wakate mchango wa nchi hiyo kwa shirika, dola milioni 406. Shirika halikurudi nyuma. Kwa hiyo ukisikia watu wakisema wataalamu hawaelewani kuhusu sukari, jua kwamba kutoelewana huko kumegharamiwa.

Mafuta ya kupikia. Kolesteroli hutoka kwa wanyama: nyama, maini, mayai, maziwa, kamba. Kwenye mafuta ya mimea haipo ya kuhesabika, hata yawe mabaya vipi, na kuyasifu kwa hilo ni kama kumsifu pweza kwamba hana mifupa. La kutazama kwenye lebo ni yale mafuta yanayoganda. Ya mawese ni karibu nusu. Ya alizeti na uto wa simsim yako chini sana, simsim ni kama gramu 14 katika kila 100. Ukiona kebe la mafuta magumu limeandikwa kwamba mafuta yamegandishwa kwa haidrojeni kwa sehemu (partially hydrogenated), liache dukani; hayo ndiyo yenye mafuta ya trans, ambayo Denmark iliyawekea mpaka tangu 2003 na ambayo Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilizitaka nchi zote ziyaondoe.

Hapa sisi wa pwani tuwe wakweli na nafsi zetu. Mafuta ya nazi yana zaidi ya gramu 80 za mafuta yanayoganda katika kila 100, kuliko mawese. Yanauzwa ghali kwenye vichupa vizuri kama dawa ya moyo, na kwa kuwa mnazi ni wetu, tunaamini upesi. Hakuna anayekuambia uache wali wa nazi. Kuna nazi ya kupikia na nazi ya kuzidisha. Kuna nazi moja kwa watu sita na nazi tatu kwa watu sita. Ukishakuna, kamua tui la kwanza, kasimile, uliweke kando. Wali upike kwa tui la pili na la tatu ulilolichuja kwenye kifumbu. Kasimile tia vijiko viwili vitatu vya mwisho kwenye samaki wa kupaka au mbaazi, sufuria ikiwa karibu kuteremshwa. Harufu na utamu vyakaa hapo juu, na mafuta mengi hukuyatumia.

Sasa mama mkwe. Kwanza asiache wala asipunguze dawa kwa sababu ya tuliyoyaandika hapa. Pili, kwa presha yake, adui aliyejificha ni vile vikolezo vya vidonge vya mchuzi. Viungo kwenye lebo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Soma uone chumvi iko ya ngapi. Halafu tafuta sodiamu. Tuseme imeandikwa miligramu 20,000 kwa gramu 100, na kidonge kina gramu 4: hiyo ni miligramu 800. Kupata chumvi zidisha kwa 2.5, upate gramu 2. Mpaka wa siku ni chini ya gramu 5, kijiko kimoja cha chai, kikihesabiwa pamoja na ng'onda, achari na mkate wa dukani. Vidonge viwili kwenye sufuria ya watu wanne, kila mtu amekula gramu moja kabla hujatia chumvi yako. Tia kitunguu saumu, bizari, ndimu na pilipili, na chumvi ya kawaida kidogo. Iwe ile iliyotiwa madini ya joto. Tunapunguza wingi, hatubadilishi aina.

Kwa sukari yake, sahani igawe hivi: nusu mboga, mchicha au kisamvu kisichozidi tui, robo wali au muhogo, usiozidi ngumi yake, robo samaki au kunde. Kwenye chai apunguze nusu kijiko kila wiki, si vyote kwa siku moja, ulimi utazoea. Ongeza iliki na tangawizi. Asali, sukari guru na tende vihesabuni pia, tende ndogo ya gramu 8 ina kama gramu 5 za sukari. Kama anatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, mjulishe daktari kabla ya kubadilisha chakula, maana dozi ile ile na chakula kidogo vinaweza kumshusha kupita kiasi. Akitetemeka, akatoka jasho la baridi au akachanganyikiwa, mpe vijiko vinne vya sukari ndani ya nusu gilasi ya maji kama bado anaweza kumeza, mpime tena baada ya dakika 15. Hapo sukari ni dawa, na mtu yeyote wa nyumba asisite kuitumia.

Ile pakiti ya uji wa mtoto imetuumiza kuliko yote. Mtoto wa miezi minne hahitaji chochote ila maziwa ya mama, hata maji, mpaka atimize miezi sita. Kila kijiko cha uji kinachoingia mapema kinachukua nafasi ya ziwa, mtoto ananyonya kidogo, na ziwa lisiponyonywa hupunguza kutoa. Mama huona maziwa yamepungua, huongeza uji, na hapo mteja amepatikana. Dunia imelijua hili tangu watu walipoanza kuisusia kampuni ya vyakula ya Nestlé mwaka 1977 kwa jinsi ilivyouza maziwa ya kopo katika nchi maskini. Mwaka 1981 ukatoka mwongozo wa kimataifa wa kuzuia matangazo hayo, na Kenya ina sheria yake ya 2012 ya kudhibiti vibadala vya maziwa ya mama. Mdogo wako asitumie. Pakiti aitunze hivyo hivyo na jina lake, aandike tarehe na mahali alipopewa, ampelekee afisa wa afya ya umma.

Akifika miezi sita, aanze na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku, akipanda pole pole hadi nusu kikombe, huku akinyonya. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Mwepesi hujaza tumbo kwa maji. Unga wa mtama au wa mahindi wenye dagaa waliosagwa unatosha. Njugu zisage kidogo kidogo kwa matumizi ya wiki moja, maana unyevu wetu wa Lamu huzitia kuvu, na kuvu hiyo huacha sumukuvu ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Yenye harufu ya vumbi au madoa, tupa.

Ushauri wa kuamini utaujua kwa kuuliza, na uulize mbele ya watu, kwa adabu: Nani amelipa nauli yako na posho ya leo? Kuna bidhaa yoyote ya anayekulipa ambayo ungetushauri tuipunguze? Mgonjwa wa sukari anywe kiasi gani cha kinywaji hiki? Mtu mwaminifu hujibu yote matatu bila kuzunguka, hata kama amelipwa. Bango la kliniki nalo lisomwe chini kabisa, penye nembo, kwa kuwa si kila lililobandikwa ukutani mwa serikali limechapishwa na serikali. Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wake wa lishe bora na mazoezi mwaka 2017; muulize mtaalamu wa lishe wa hospitali ya kaunti awaeleze kwa huo. Na pale unapowakuta washauri wakipingana, tazama wanapingana kuhusu nini. Kuhusu mboga, kunde, samaki, maji na kupunguza sukari na chumvi, hawapingani.

Twende kwenye mkutano. Usimkatalie mtu, badilisha zawadi. Mheshimiwa anataka kuonekana ametenda, na hilo si kosa; mpe kitu kizuri cha kuonekana nacho. Watoto hukimbilia soda pia kwa sababu maji ya mabomba yana chumvi na wazazi hawayaamini. Mwombe tangi la lita 5,000, mabomba manne na kibao chenye jina lake. Litakaa miaka mingi pale mlangoni, na soda ya siku ya michezo itakuwa imesahauliwa kufikia magharibi.

Madaftari pokeeni, kwa sharti la jalada tupu au jedwali la kuzidisha mahali pa chati. Friji ikataeni. Kwa kawaida haiji peke yake: huja na sharti kwamba ndani yake pakae vinywaji vya mwenyewe tu, na umeme mlipe nyinyi. Soda ya siku ya michezo haina haja. Watoto 300 kwa nusu lita ni lita 150, madumu saba na nusu ya lita 20. Yachemsheni jana yake au mtie dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa, mfunike, asubuhi mkamulie ndimu kumi kila dumu. Machungwa 150 yakikatwa nusu kwa nusu kila mtoto amepata lake.

Na ule ukuta. Kama ni wa mawe ya matumbawe, rangi ya mafuta au ya plastiki ndiyo iliyouharibu au itakayouharibu, kwa sababu inafunga unyevu ndani, chumvi inajikusanya nyuma yake na kuisukuma mpaka ibanduke. Rangi nyekundu ya kampuni itakuwa magamba baada ya masika mbili. Kwangueni ya zamani, ukuta uloweni maji, mpake chokaa iliyozimwa, nyepesi kama maziwa, mikono mitatu, siku moja baina ya mkono na mkono. Anayepaka avae miwani, chokaa inaunguza jicho. Wazazi kumi na Jumamosi mbili zinatosha. Na ikiwa shule iko ndani ya Mji wa Kale, ambao umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, ofisi ya uhifadhi ya Makumbusho yapasa kuulizwa kabla ya nembo yoyote kupakwa. Mkumbushe mwenyekiti hilo mapema, faraghani, asije akaaibika mbele ya wageni.

Nchi nzima zimewahi kuyakata mambo haya kwa sheria. Chile tangu 2016 inawalazimu wenye viwanda kubandika alama nyeusi yenye pembe nane mbele ya pakiti iliyojaa sukari, chumvi au mafuta, na vitu hivyo haviuzwi shuleni. Kamati yenu haina uwezo wa bunge, lakini inao uwezo wa kuandika kwenye kumbukumbu za mkutano mistari mitatu: hakuna nembo ya chakula au kinywaji itakayoelekezwa kwa watoto; hakuna mzungumzaji wa lishe atakayeletwa na muuzaji; kila msaada utaandikwa umetoka kwa nani na kwa masharti gani. Omba ipigiwe kura, isiwe maneno yako peke yako.

Siku hiyo nenda na chupa ile ya nusu lita, gilasi tupu ya kioo, pakiti ya sukari na kijiko cha chai. Usihutubie. Mpe mwenyekiti mwenyewe asome lebo kwa sauti na afanye hesabu, kisha ahesabu vijiko kumi na vitatu ndani ya gilasi, wote wakitazama. Kijiko kisawazishwe kwa mgongo wa kisu kila mara, kisiwe cha kilima, mtu asipate pa kusema umezidisha.